Ombi la Kurudishiwa Kasoro ya Televisheni Yetu

Kwa Fundi Mkuu,
Karakana ya Televisheni na Redio,
Nyuma ya duka la vioo.

Ndugu Fundi,

YAH: KURUDISHIWA PICHA YETU ILIYOKATWA KINGO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia kwa wadhifa wako wa fundi. Najua kwamba wewe pia ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na kwamba jambo hili lingeweza kumalizwa kwa simu. Lakini kwenye simu wewe huwa unacheka, na mimi nikichekwa hupoteza mpangilio wa hoja. Kwa hiyo nimechukua karatasi safi, nimekaa mezani asubuhi hii ya Jumapili, na naomba nisomwe kama mteja mwingine yeyote mwenye malalamiko: mpaka mwisho, bila kumpigia dada yako katikati ya ukurasa wa kwanza.

Kwanza historia fupi, ili usiseme hukuelezwa.

Televisheni yetu unaijua. Ni ile bapa, nene kidogo kiunoni, ya enzi zile ambapo herufi HD zilibandikwa kwenye fremu kwa rangi ya dhahabu na majirani wakaja kuziangalia. Nyuma ina tundu moja tu la HDMI, na tundu hilo ni mali ya king'amuzi. Binti yetu alipokwenda chuoni aliacha mashine yake ya gemu juu ya kabati, ndani ya foronya, akasema isiguswe. Tuliitii kauli yake mpaka Baba alipohamia kwetu.

Ninaposema Baba namaanisha baba yako mzazi, ambaye kwangu ni mkwe. Unakumbuka alivyokuja. Mama alikuwa ametutoka, nyumba ikamwia kubwa ghafla, dada yako akamfuata na kumleta hapa na begi moja. Alichagua kiti cha dirishani. Ukimwamkia anaitikia. Ukimpa chakula anashukuru. Ukimuuliza ameamkaje anasema ameamka. Mimi na yeye, kama ilivyo kati ya mtu na mkwe wake, tulikuwa na heshima nyingi na maneno machache. Jioni tulikaa sebuleni kama watu wawili wanaosubiri kuitwa na daktari. Siku moja aliniuliza kama bawaba za milango za siku hizi ni imara. Mimi natunza stoo ya karakana ya samani, kwa hiyo nilimjibu kwa kirefu, na hapo tukawa tumemaliza mazungumzo ya mwezi mzima.

Niseme wazi: nilikuwa namwonea huruma mpaka nikawa sipendi kurudi nyumbani. Sikujua nimpe nini.

Jioni moja nikaitoa ile mashine kwenye foronya. Nikachomoa waya wa king'amuzi, nikachomeka wa gemu. Waya ulikuwa mfupi, hivyo mashine ikabidi ikae juu ya kigoda anachokalia dada yako akishona, na dada yako akashonea kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nikabonyeza rimoti kutafuta mahali pa kuingilia. Skrini ikasema hakuna mawimbi. Nikabonyeza tena, ikasema tena hakuna mawimbi. Nikazima vyote, nikasubiri, nikawasha televisheni kwanza na mashine baadaye, na mara sauti ya injini ikajaa sebuleni kabla ya picha yoyote. Baba akageuka kutoka dirishani. Tangu aje alikuwa hajawahi kugeukia kitu.

Picha ilipotokea alisogea karibu. Wewe unajua kuwa mzee ni mwashi, na mwashi hata astaafu macho hayastaafu. Alipitisha kidole gumba kwenye fremu ya televisheni, akainamisha kichwa, akasema, "Hii picha imezidi fremu." Nikamweleza kwamba ndivyo zilivyo hizi za zamani, huitanua picha kidogo na kuzila kingo, hakuna tatizo. Akasema, "Aha." Akakaa. Nikampa padi moja, nikashika nyingine.

Ni gemu ya mashindano ya magari. Wakicheza wawili skrini inagawanyika: nusu ya juu ilikuwa ya Baba, nusu ya chini yangu. Magari yako manane, mawili yetu na sita ya mashine yenyewe. Katika kona za picha kuna namba inayokuambia wewe ni wa ngapi, kuna hesabu ya mizunguko iliyobaki, na kuna ramani ndogo. Lakini hayo nimeyajua juzijuzi tu, baada ya ziara yako. Kwetu sisi kona hizo hazikuwahi kuwepo.

Baba hajawahi kuendesha gari maishani mwake. Anaendesha kama mtu aliyekaa kiti cha abiria miaka yote akihesabu makosa ya madereva. Anabaki upande wake wa barabara. Anapunguza mwendo kabla ya kona na ndani ya kona, na baada ya kona anapumzika kidogo. Penye ziwa husimama kuangalia ziwa. Matokeo yake ni kwamba dakika chache tu baada ya kuanza, magari yote yalikuwa yamekwenda zake na barabara mbele yake ilikuwa tupu kabisa. Akaniuliza, "Wenzetu wako wapi?"

Shemeji, ningejibu nini? Nilimwambia, "Wako nyuma, Baba. Wewe unaongoza."

Akacheka. Si kutabasamu, kucheka, na mabega yakatikisika. Dada yako alisimamisha cherehani.

Tangu siku hiyo kila jioni kabla ya taarifa ya habari tulikuwa tunakimbia, na kila jioni Baba alikuwa wa kwanza. Ushahidi ulikuwa mbele ya macho yake: hakukuwa na mtu mbele. Yale magari yaliyompita kwa mara ya pili nilimweleza kuwa ni wachelewaji wanaojaribu bahati yao, naye aliwapisha kwa ukarimu, akisema waachwe maana wana haraka. Mimi nilikuwa natangulia mpaka karibu na handaki, naegesha gari langu chini ya mti, nasubiri apite, kisha namfuata kwa adabu. Ule ubao wa matokeo ukitaka kutokea mwishoni, kidole changu kilikuwa chepesi kwenye kitufe. Dada yako alisema tunaendesha magari kama tunapeleka mayai hospitali. Lakini Baba alianza kumaliza chakula chake. Alianza kuniita "mwanangu" badala ya "mkwe". Alianza kuniuliza habari za stoo, na si bawaba peke yake.

Hiyo ndiyo nyumba uliyoingia Jumamosi ya wiki iliyopita ukiwa na bisibisi mfukoni. Sasa nayaleta malalamiko yangu.

1. Hukuitwa. Kwa kadiri ninavyojua, hakuna mtu katika nyumba hii aliyekuita. Ulikuja, ukamwamkia baba yako, ukapewa chai, na kabla chai haijapoa ukachukua rimoti bila kuombwa. Uliingia kwenye menyu, ukaingia kwenye picha, ukaingia kwenye ukubwa wa picha, ukabonyeza kitu, na picha yote ikajikunyata ikaenea ndani ya fremu mpaka kwenye kona. Ukasema, "Sasa iko sawa." Ukamaliza chai ukaondoka. Hukukaa hata kuangalia ulichokifanya. Daktari akipasua mtu husubiri aone kama ataamka.

2. Ulitengeneza kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Pale kazini kuna droo inayokwama tangu nianze kazi. Kila mtu anajua kwamba ukiinyanyua kidogo huku ukiivuta inafunguka. Akija mtu akaipiga randa, sisi wote tutaanguka chali. Kasoro ya muda mrefu ni kama mpangaji wa muda mrefu, ina haki zake, na haifukuzwi bila taarifa. Ile televisheni ilikuwa imekula kingo za picha kwa miaka mingi na haikuwahi kulalamikiwa. Tulikuwa tumeizoea. Sisi tulijua kuwa dunia inaishia pale.

3. Kona ya juu kushoto. Jumapili jioni, siku moja baada ya ziara yako, tulikaa kama kawaida. Mashindano yakaanza, magari yakaenda zake, barabara ya Baba ikabaki tupu na nzuri. Na pale kwenye kona, kwa rangi ya njano, makubwa kuliko hata namba za nyumba za mtaa huu, yakawepo maandishi 8/8.

Baba aliyasoma. Aliendelea kuendesha, na mimi kwa hofu nikakimbilia kwenye mti wangu nikaegesha, nikiamini kwamba akinipita mambo yatakaa sawa. Akanipita. Na hapo hapo, Fundi, wakati gari lake linapishana na langu lililosimama, ile namba ikageuka ikawa 7/8. Baba akaangalia namba. Akaniangalia mimi. Akaangalia namba tena. Mwisho ubao wa matokeo ukaja, na kidole changu ambacho siku zote kilikuwa chepesi, siku hiyo kikawa kizito kama tofali. Akausoma wote, kuanzia jina la kwanza, taratibu. Kisha akaweka padi juu ya kigoda, akaifuta kwa leso yake, akasema, "Kumbe."

Neno moja tu. Nimelifikiria wiki nzima.

Usije ukasema nilidanganya. Kazini mimi ni mtu wa idadi. Skrubu zikipungua nasema zimepungua, hata kama ni bosi mwenyewe aliyezichukua. Lakini baba mkwe si skrubu.

4. Madhara kwa watu wasiohusika. Picha uliyoirekebisha haikurekebishwa kwenye gemu peke yake. King'amuzi kiliporudishwa kwenye tundu lake, dada yako alikaa kuangalia tamthilia yake, ile ambayo mama anakutana na mwanawe aliyepotea. Ameisubiri sehemu hiyo tangu mwaka jana, na alikuwa ameshaandaa kitambaa cha machozi. Mama akamkumbatia mwanawe, wote wanalia, na juu ya vichwa vyao, kwenye ukingo ambao zamani hatukuwa nao, ikaonekana maikrofoni yenye manyoya ikining'inia kama popo. Dada yako hakulia. Alisema hawezi kulia mbele ya kitu kile. Amebaki na machozi yake, na mimi ndiye ninayeishi naye.

5. Baba sasa anataka kujua yeye ni wa ngapi katika kila kitu. Jumatatu aliniuliza kati ya watu wanaoamka katika nyumba hii yeye ni wa ngapi. Jumanne aliuliza mezani, huku akipokea sahani, "Na hapa mimi ni wa ngapi?" Dada yako akamwambia yeye ni wa kwanza, ndiyo maana amepakuliwa mwanzo. Akasema, "Barabara ilikuwa tupu pia," akaendelea kula. Jumatano niliporudi kutoka kazini nilimkuta nje, amesimama kwenye ukuta wa jirani, anahesabu matofali yaliyopinda. Mtu aliyekuwa na amani sasa anapima kila kitu.

6. Nilijaribu kurekebisha uharibifu wako na nikadhalilika. Alhamisi nilibandika kipande cha gundi nyeusi ya utepe, ile ya kufungia nyaya, juu ya kona yenye namba. Niliipima vizuri kwa rula. Televisheni ilipopata joto gundi ikaanza kulegea, ikajikunja, ikaning'inia. Baba akanyanyuka, akaibandua kwa kucha, akaikunja mara mbili, akanikabidhi mkononi kwa adabu zote. Alisema, "Umedondosha hii, mwanangu." Sijawahi kuaibishwa kwa upole namna ile. Hiyo ndiyo mara ya mwisho aliyoniita mwanangu.

7. Begi. Hili ndilo lililonikalisha mezani. Leo asubuhi, kabla hata sijanawa uso, nimemkuta Baba mlangoni amevaa kofia yake na begi lile lile alilokuja nalo. Amesema anakwenda nyumbani kwake. Sikuweza kumuuliza kwa nini, maana najua kwa nini, na mtu hamzuii mkwe wake mlangoni kwa mikono. Nimeomba angalau nimbebee begi mpaka barabarani. Amenipa. Lilikuwa jepesi, Shemeji. Lilikuwa tupu. Nimerudi mbio chumbani kwake nikakuta nguo zake zote zimetundikwa, viatu vya pili viko chini ya kitanda. Elewa maana yake: mzee ameondoka na hasira kubwa kiasi kwamba hata nguo zilizolala chini ya paa langu hazitaki tena.

Dada yako yuko pale pembeni anashona pazia, anaimba kwa sauti ya chini. Nadhani ni mshtuko.

8. Jambo la jumla, ambalo naliweka kwa faida ya umma. Wewe kama fundi umelishwa imani kwamba kila mtu anastahili kuona picha nzima. Nani aliwaambia? Wapo wakubwa wengi, nisiwataje, ambao kila wakitazama mbele wanaona barabara tupu na wanajua kwamba wanaongoza. Waliowazunguka wameegesha chini ya miti wanasubiri kupitwa. Ubao wa matokeo ukitaka kutokea kuna mwenye kidole chepesi. Na mambo yanakwenda: wanakula vizuri, wanacheka, wanawapisha wenye haraka. Kama wao wanaruhusiwa, sembuse mwashi mstaafu aliyefiwa na mke? Yeye hakuomba nchi. Aliomba mizunguko mitatu kabla ya taarifa ya habari.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba yafuatayo, kwa mpangilio wa urahisi wake:

(a) Uje na uirudishe picha kama ilivyokuwa, imezidi fremu, kingo zake zote nne zikiwa zimeliwa. Mimi nimeshindwa kuipata tena ile sehemu ya ukubwa wa picha. Mara ya mwisho niliyojaribu, televisheni ilibadilika ikawa inaongea lugha nisiyoijua na dada yako akaninyang'anya rimoti.

(b) Kama kitaalamu haiwezekani kuharibu kitu ulichokwisha kukitengeneza, basi uzibe kona hizo kwa kazi ya kifundi, si gundi. Ubao mwembamba utafaa. Nitautoa stoo kwa utaratibu.

(c) Kama (b) haikubaliki, uwaandikie waliotengeneza gemu hiyo wahesabu kuanzia nyuma, ili wa nane aitwe wa kwanza. Haitawagharimu kitu, na wale wenye mbio hawatajali kuitwa wa nane kwa kuwa tayari wanajua wana mbio.

(d) Kwa tahadhari, uzikate pia picha za televisheni zote za ukoo: yako, ya shangazi, na ile ya saluni anayonyolea Baba. Hakuna maana ya kumficha mtu jambo nyumbani halafu akaliona akiwa kwenye kiti cha kinyozi.

(e) Kabla ya hayo yote, na hili ni la haraka, uende ukamfuate baba yako. Wewe ni mwanawe na hujawahi kumwambia kwamba anaongoza. Mwambie nyumba hii haikuwa inamfanyia mzaha. Mwambie mkwe wake ni mtu wa stoo, hajui kusema mambo, alipata njia moja tu ya kumfurahisha akaishikilia kwa mikono miwili. Kama hataki kunisamehe mimi, arudi kwa ajili ya kiti cha dirishani, maana tangu asubuhi kimekaa kitupu na mimi nimekigeuzia mgongo ili niweze kuandika.

Nategemea utalishughulikia suala hili kwa uzito unaostahili, na kwamba hutalicheka mbele ya wateja.

Nisalimie mke wako, na umwambie pazia lake liko tayari ila linasubiri pindo. Nisalimie mafundi wenzako wote, pamoja na yule anayetengeneza pasi huku akijisemesha. Msalimie mwenye duka la vioo. Msalimie na yule mteja aliyeiacha redio yake kwako mpaka ikawa ya kwako. Dada yako naye anakusalimu, ingawa sijamwambia kuwa nakuandikia.

Wako katika utumishi na katika ukwe,

Shemeji yako, Mtunza Stoo.

Nyongeza baada ya sahihi: Usije.

Nilikuwa natafuta bahasha Baba alipoingia. Ni alasiri. Begi limejaa, na nyuma yake kuna mtu wa mkokoteni ameleta kile kiti chake cha mbao chenye mikono mipana. Ndani ya begi kulikuwa na miwani yake ya kuonea mbali, pima maji yake ya uashi, na picha ya Mama. Kumbe begi tupu alilibeba ili apate cha kubebea vitu hivyo. Dada yako hakuwa na mshtuko wowote. Alikuwa anajua tangu jana. Nimemuuliza kwa nini hakuniambia, akasema nilikuwa naandika kwa bidii mno akaogopa kunikatisha.

Kiti amekiweka mbele ya televisheni. Kile cha dirishani amesema nikae mimi nikipenda.

Kisha amenieleza, na wewe mambo haya ulikuwa unayajua ukanyamaza, tutaonana. Amesema ni yeye aliyekupigia simu uje uirekebishe picha. Amesema skrini ile imegawanywa mara mbili, na kwamba tangu siku ya kwanza alikuwa anaiona nusu yangu ya chini: mti mmoja, hautikisiki, na mimi nimeketi kando yake na uso wa mtu mwenye mbio. Akasema anayeongoza hasubiriwi na mtu. Mimi nilihangaika na kona ya skrini, nikasahau kwamba nusu nzima ya skrini ilikuwa inanisema.

Nikamuuliza kwa nini basi aliendelea kucheza. Akasema aliniona nimekaa kimya jioni baada ya jioni, binti ameondoka, nyumba imeniwia kubwa, na nilipoishusha ile foronya akajua nahitaji mtu wa kucheza naye. Alikuwa ananionea huruma. Hakujua anipe nini.

Ila amesema sasa amechoka kusubiriwa, na kwamba hawezi kuondoka katika nyumba hii akiwa wa nane.

Ametundika picha ya Mama juu ya televisheni, ameinyoosha kwa pima maji, amevaa miwani, na tumekimbia. Sikuegesha popote. Naapa kwa kazi yangu. Ule mti nimeupita kwa mwendo ambao sikuwahi kuupita. Baba hakusimama ziwani. Kwenye kona ya mwisho kabla ya handaki namba yake ikageuka, 8 ikawa 7, na hakuna mtu aliyekuwa amesimama. Alipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Mimi nilikuwa wa nane, kwa sababu muda wote nilikuwa naangalia kona yake badala ya barabara yangu.

Kwa hiyo maombi (a) mpaka (e) yasishughulikiwe. Ile sehemu ya ukubwa wa picha usiiguse, na usimwonyeshe mtu yeyote ilipo. Rimoti nimeifungia kabatini.